Bushi Hukazwa Gari Likiwa Limekaa

Mume wangu ana mikono minene kama mitwango. Lau ingekuwa myembamba, ningezeeka bila kujua tumbo la gari linafananaje, nikabaki na cherehani yangu na vitenge vya watu.

Kabla ya vita alikuwa fundi wa kuchonga vyuma katika karakana ya reli, hapa Kalemie. Vita vikaja, treni zikasimama, karakana ikafungwa, naye akarudi nyumbani na ovaroli lake. Mwanamume aliyezoea kazi akikosa kazi ni kama kuku anayetafuta pa kutagia, anazunguka nyumba nzima na kuchungulia kila pembe. Akanirekebishia cherehani ambayo haikuwa na ubovu. Akachonga vishikio vya milango yote. Nilipoona anaitazama sufuria yangu kwa jicho la ufundi nikamwambia atoke nje akatafute kitu kikubwa.

Akatafuta kweli. Chasi ilikuwa ya pikapu iliyotelekezwa nyuma ya ghala la pamba, injini ya gari jingine kabisa, na kiti cha nyuma kilikuwa benchi la behewa lililotupwa. Milango aliitengeneza kwa mbao, kwa kuwa bati lilikuwa halipatikani. Gari lilijengwa uani kwetu, kati ya jiko na kamba ya kuanikia nguo, na kila aliyepita akauliza kama litatembea alijibiwa neno moja: "Tutaona." Mtaa mzima ukaliita Tutaona. Uzuri wake ni kwamba lilikuwa baya mno. Askari waliokuwa wakichukua magari ya watu walikuja kuliangalia, wakacheka, wakaenda zao.

Siku lilipotoka uani kwa nguvu zake lenyewe, watoto wa mtaa walilikimbilia hadi barabarani. Nami nilipiga kelele za furaha kama wengine, ila moyoni nilikuwa nimekwisha kulipangia gari lile kazi moja tu.

Mama yangu mzazi alikuwa bado kijijini, milimani, kwenye njia ya kwenda Moba. Alikuwa ameanguka akitoka kuchimba mihogo, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya. Aliweza kukaa, aliweza kusimama akishika ukuta, basi. Na vita vilikuwa vinapanda milima ile. Watu wa kijiji walikuwa wamezoea kukimbilia porini wakisikia risasi, kisha kurudi zikinyamaza. Mama hakuweza kukimbia. Walimfungia mlango kwa nje, ili watakaopita wadhani nyumba haina mtu, naye alilala humo ndani akijizuia kukohoa. Habari hiyo niliipata sokoni kwa mwanamke wa kwetu aliyeleta mihogo, naye aliisimulia huku akipanga mafungu yake, kama anayenieleza kwamba mvua imenyesha. Niliacha vitu vyangu palepale nikarudi nyumbani nikilia.

Tulijaribu kwanza kumleta kwa lori la mizigo. Hawakufika hata daraja la kwanza. Kila shimo lilimtoa kilio, mpaka dereva mwenyewe alishindwa kuvumilia, akasimama, na vijana wakamrudisha kwa machela. Mama alituma neno kwamba asipandishwe tena kitu chochote chenye magurudumu, ni heri risasi.

Kwa hiyo ilibidi Tutaona lijue kutembea taratibu. Lakini lilikuwa linagonga. Mbele, chini, kila tukipita kijishimo kidogo tu, kok! kok! Mume wangu alinieleza kwamba magurudumu ya mbele yanashikwa na mikono miwili ya chuma, na kila mkono umeungwa kwenye chasi kwa mipira miwili, mifupi na minene, yenye tundu katikati la kupitisha bolti. Mpira njo unakula mtikisiko, alisema, ndio unaoumeza. Mpira ukifa, chuma kinapiga chuma. Mipira yetu alikuwa ameikata kutoka tairi kuukuu, na ilikuwa inamomonyoka kama andazi la juzi.

Ili kupima, alimpandisha mama yake mzazi kwenye benchi la nyuma, akamzungusha hadi sokoni na kumrudisha. Mama mkwe wangu ni mtu wa maneno. Alishuka ameshika kiuno kwa mikono miwili.

"Mulinipandisha mu gari ao mu kinu?"

"Mama, ni mipira tu," mume wangu alisema.

"Mipira tu! Kama njo hivi, muache mama ya watu akae kwake. Mutaleta maiti hapa."

Nilikasirika kwa sababu alisema kweli.

Mfanyabiashara mmoja wa familia ya Waislamu wa ziwani, rafiki wa mume wangu tangu utoto, alikuwa bado anavuka kwenda Kigoma na kurudi kila alipopata boti inayothubutu. Tulimpa mmoja wa ile mipira iliyokufa akaonyeshe madukani huko. Sisi kitu kile tunakiita silambloki, jina tulilorithi kwa Wabelgiji. Kigoma hawalijui jina hilo. Kigoma wanasema bushi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana kwetu Bushi ni nchi. Ni kule juu, karibu na Bukavu, kwa Wabashi. Na mume wangu alipokuwa anajifunza ufundi ujanani alikaa Bukavu, kwa familia moja ya Wabashi iliyomlisha na kumvisha kama mtoto wao, na mama mkwe aliwaombea watu wale kila Jumapili ingawa hajawahi kuwaona.

Basi yule rafiki yetu, alipopata mipira, alituma habari kwa foni, yaani ile redio ya upepo ambayo mtaa mzima ulitegemea siku zile. Alisema: bushi nne zinakuja na boti, zinafika kesho. Mtu wa foni, kwa kupenda kusema sawasawa, aliona sentensi ile imepinda, akainyoosha. Kwa mama mkwe wangu, aliyekuwa peke yake nyumbani, ikafika hivi: "Wa Bushi wane wanakuya na boti. Wanafika kesho."

Niliporudi nilimkuta ameshatoa mikeka yote nje anaipigapiga vumbi.

"Ni bale bantu ba Bukavu," aliniambia, macho yanang'aa. "Vita imewafukuza. Wamezunguka Kigoma, sasa wanakuya kwetu. Bane! Maskini ya Mungu."

Nitasema kweli, nilinuna. Tulikuwa na vyumba viwili na baraza. Nilikuwa nimeshaitenga ile pembe karibu na dirisha iwe ya mama yangu, nimeshashona hadi foronya, na sasa mama mkwe alikuwa anawatandikia hapo watu wanne ambao sikuwajua. Mume wangu naye alirudi, akaambiwa, akakaa chini akafunika uso kwa mikono kwa furaha. Ningesema nini? Mtu aliyelishwa na watu akiwa mgeni hawezi kuwafungia mlango. Nilikwenda jikoni nikaanza kuchambua sombe, majani ya mihogo, kwa hasira, na usiku niliposhika rozari nilimwuliza Mungu maswali.

Kesho yake mama mkwe alipika kama anayeoza binti. Bukari, yaani ugali, sinia zima, samaki wa mikebuka wa kukaanga, sombe yenye mafuta ya mawese, na kuku mmoja ambaye alikuwa hajapangiwa kufa. Alijifunga kitenge chake cha Pasaka, akaketi barazani kutazama njia. Alasiri akatokea yule rafiki yetu, peke yake, na kofia yake nyeupe, anatembea bila haraka.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwanangu, karibu." Mama mkwe alikuwa anachungulia nyuma ya mgongo wake. "Bako wapi?"

"Nani, mama?"

"Ba Bushi."

"Ah, bushi! Ninazo hapa." Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa kifurushi cha gazeti, akamwekea kiganjani. "Zote nne salama, mama. Nilizificha mwilini, kule bandarini wanapekua sana."

Mama mkwe alifungua gazeti. Mipira minne, myeusi, mipya, kila mmoja haujai kiganja. Aliitazama, akamtazama mleta mizigo, akaitazama tena. Sisi wengine tulikuwa tumeshaelewa. Halafu akaipanga mmoja mmoja juu ya mkeka aliowatandikia wageni, akaikunjia goti kidogo, akasema, "Basi karibuni. Muliacha vita huko namna gani?"

Tulicheka mpaka rafiki yetu akavua kofia kujifutia machozi. Mgeni njoo mwenyeji apone: kuku aliliwa na mtaa mzima, na mimi nilirudisha mto wa mama yangu kwenye pembe yake ya dirishani. Lakini usiku huo mume wangu alikaa barazani akitazama njia, na nilijua kwa nini. Moyoni alikuwa amekwisha kuwaona watu wale wa Bukavu mlangoni.

Alfajiri aliamka na kuingia kazini kwa pupa. Alilinyanyua gari kwa jeki, akaliegemeza juu ya vipande vya mataruma ya reli, magurudumu ya mbele yakaning'inia. Hapo nafasi ya kufanyia kazi ilikuwa tele. Alitoa mipira iliyokufa, akaingiza mipya, akakaza bolti zote kwa nguvu zote, akiimba. Kisha akalishusha. Tukazunguka nalo hadi bandarini na kurudi, na kok! haikusikika tena. Mama mkwe alikiri kwamba kinu kimekuwa kiti.

Siku ya pili likaanza kulia. Haikuwa kok, ilikuwa sauti ya kunung'unika, ng'iii, kila tukipanda na kushuka. Mume wangu alilala chini yake na tochi, alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Mpira mmoja ulikuwa umeanza kuchanika ukingoni. Mitatu iliyobaki ilikuwa imejikunja kama nguo inayokamuliwa. Boti za Kigoma zilikuwa zimesimama tangu jana yake kwa sababu ya mapigano upande wa kaskazini, na hakuna aliyejua zitaanza lini.

"Wamekuuzia mpira mubovu," nilisema.

"Mpira ni muzima. Ni mimi." Alikaa juu ya taruma akajishika kichwa. Alieleza polepole, kama anayejieleza mwenyewe: alikaza gari likiwa juu, mikono imening'inia. Bolti ilipokaza, mpira ukashikwa katika mkao ule. Aliposhusha gari, mikono ikapanda, lakini mpira ulikuwa umeshikwa hauwezi kufuata, ukajinyonga. Kila shimo lilikuwa linaunyonga zaidi.

Mimi ni mshonaji. Jambo hilo nililielewa kabla hajamaliza. Ukimpima mteja sketi akiwa amesimama na kuvuta tumbo ndani, akikaa kanisani mshono unaachia, na lawama ni yako. Ndiyo maana mimi humwambia mteja akae kwenye kiti ndipo nimpime makalio.

"Basi tulikalishe," nilimwambia. "Likalie chini, na watu ndani, kama siku ya safari. Njo tukaze."

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mushonaji wangu," alisema. Lakini cheko lilikufa upesi, maana yeye alijua kilichoko chini. Gari likiwa limekaa, kati ya chasi na tumbo la injini hapabaki nafasi. Nati mbili za ndani zilikuwa zimejificha humo, nyuma ya bomba la moshi. Aliingiza mkono wake kunionyesha, ukakwama kwenye kiwiko.

Nikakunja mikono ya blauzi, nikajifunga kitenge kikuukuu, nikalala mgongo kwenye vumbi.

Mpira uliochanika aliukata ukingo vizuri, akauwekea pete ya ngozi, akaupeleka upande ambao haubebi uzito mwingi. Kisha tukawajaza watu. Mama mkwe ndiye aliyekuwa karibu na umbo la mama yangu, akalazwa kwenye benchi la nyuma kama mgonjwa. Jirani yetu mmoja, mwanamke mnene wa kuuza samaki, akakaa mbele mahali pangu. Mifuko ya mchanga nyuma ya usukani ikawa mume wangu, maana yeye alikuwa chini pamoja nami, upande wa pili, ameshika kichwa cha bolti kisizunguke. Vichwa vyetu vilikuwa karibu kugusana. Alikuwa amenikatia spana fupi kama kidole na kuipinda motoni, na katika uwazi ule iliweza kwenda kiasi cha unene wa ukucha, basi. Naikaza, naitoa, naigeuza, naitia tena, unene wa ukucha. Mafuta machafu yalinidondokea shingoni. Ngozi ya vidole ilichunika kwenye chuma.

Juu yetu wanawake walikuwa wamesahau kwamba wao ni mizigo.

"Ule bibi arusi wa Jumamosi ulimuona?"

"Na ile kichwa yake? Nani alimusuka?"

Wakacheka, na gari zima likatikisika juu ya pua yangu.

"Mutulie!" nilipiga kelele. "Mimi niko huku chini, munataka kunizika?"

"Samahani, fundi," mama mkwe alijibu kwa adabu ambayo hajawahi kunipa kabla wala baada.

Nati ya mwisho ilikuwa mbaya kuliko zote. Mkono ulikuwa umeingia mpaka begani, sioni kitu, nafanya kwa kupapasa tu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nilisema siwezi tena, na sikuwa natania, machozi yalikuwa yananishuka kuelekea masikioni. Mume wangu hakunihimiza. Alinyoosha mkono wake ule mnene juu ya vumbi mpaka ukafika kwenye bega langu, akauacha hapo.

"Kaza roho," alisema. "Pumuzika kwanza. Gari haina haraka."

Nilipumzika. Nikamsikiliza akipumua. Nilimpenda sana saa ile, na uso wake wote ulikuwa na grisi. Kisha nikarudisha vidole kazini, ukucha baada ya ukucha, mpaka spana ikakataa kwenda.

"Imekaza ao bado?" aliuliza. Yeye hakuweza kuifikia wala kuiona. Miaka yote alikuwa ndiye anayejua, sasa alinisubiri mimi.

"Imekaza," nilisema.

"Basi imekaza." Akajiviringisha akatoka, bila kuuliza mara ya pili.

Tuliondoka asubuhi, mimi na yeye, na godoro nyuma. Kwenye baryeri, kizuizi cha askari nje ya mji, walitushusha, wakazunguka gari, wakagonga milango yetu ya mbao kama wanaopiga hodi, mmoja akauliza kama tunaenda kuuza kabati. Mume wangu akacheka nao. Mimi nilibana midomo, maana nikiifungua maneno hutoka yote. Wakatuachia. Njia ilikuwa imeliwa na mvua, alikuwa anaendesha mwendo wa mtu anayetembea, na mimi nilikuwa nasikiliza kwa miguu, kwa kiti, kwa meno. Halikugonga. Mashimo yalikuja, Tutaona likainama na kuinuka, likanyamaza.

Nyumba ya mama ilikuwa imefungwa kwa nje. Tulifungua tukamkuta amekaa kitandani, amevaa nguo safi, mgongo ameuegemeza ukutani. Alikuwa amepungua sana. Hakusema neno kuhusu magurudumu wala risasi. Mume wangu alimbeba kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala, akamlaza kwenye godoro, nami nikakaa sakafuni mwa gari kichwa chake kikiwa mapajani pangu. Njia nzima nilimtazama midomo. Kwenye shimo la kwanza aliibana kabla halijafika. Kwenye la pili pia. Kisha, mahali fulani baada ya daraja, niliona haibani tena, na macho yake yanafuata miti inavyopita.

Kabla mvua za mwaka ule hazijaisha, kijiji chake kiliondoka chote, safari hii bila kurudi. Waliofika mjini walifika kwa miguu. Mama alikaa nasi, kwenye pembe ya dirishani, miaka kadhaa, akigombana na mama mkwe wangu kuhusu chumvi.

Lakini jioni ile ya kwanza, baada ya kumwosha na kumlisha, nilikuwa nampaka mafuta miguuni. Vidole vyangu vilikuwa vimefungwa vitambaa, akauliza vimefanya nini. Nikamweleza yote, foni, bushi, mipira kuchanika, boti kukosa, spana fupi. Nilieleza kwa kujisifu, nikidhani atacheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaushika mkono wangu.

"Kumbe siku zote zile mulikuwa munakuya," alisema.

"Mama, ulifikiri nini?"

"Nilikuwa nimekwisha kuwasamehe."